Jinsi ya kurudi kwenye maharage bila tumbo kukuumbua

Kuna watu wengi waliohama maharage kimya kimya. Utawasikia kwa mama lishe wakisema, "Mama, niwekee wali na mchicha tu, maharage acha," halafu wanageuza mazungumzo haraka. Nami nilikuwa mmoja wao. Ofisi tuliyofanyia kazi wakati huo ilikuwa chumba kimoja cha watu saba, madirisha yamefungwa kwa sababu ya kiyoyozi. Maharage ya saa saba mchana yanaanza kunguruma saa kumi na moja, kikao cha jioni hakijaisha, na kiti changu kilikuwa katikati. Nikaona bora yaishe. Nilikaa karibu miaka miwili bila kuyagusa, na kilichonirudisha si daktari. Ni bei ya nyama.

Niliporudi nilirudi kwa pupa: Jumapili, makande, sahani mbili. Usiku ule sikulala. Mwongozo huu ni wa namna ambayo ningepaswa kurudi.

Kinachonguruma ni nini

Ndani ya maharage, kunde, choroko, mbaazi, adesi na dengu kuna sukari za mnyororo. Chukua sukari ile ile unayotia kwenye chai, ibandike kipande kimoja cha galaktosi, sukari nyingine ndogo, unapata rafinosi. Bandika viwili, ni stakiosi. Vitatu, ni verbaskosi. Mmea unaziweka kwenye mbegu kama akiba: mbegu inapokauka zinailinda, na siku ikipata maji zinakuwa chakula cha kwanza cha chipukizi. Katika gramu 100 za mbegu kavu huwa kuna takriban gramu 2 hadi 8 za sukari hizi, kutegemea aina. Dengu zina na ya kwao ya ziada, siseritoli.

Binadamu hana mkasi wa kukata hicho kipande cha galaktosi. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, alfa-galaktosidezi, utumbo wetu mwembamba hauna. Kwa hiyo sukari hizo hupita nzima mpaka utumbo mpana, na huko wapo bakteria wenye mkasi huo tele. Wanakula, wanaachia hewa: haidrojeni, kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Hiyo ndiyo inayokuumbua kikaoni. Lakini katika kula huko huko wanatengeneza asidi za mnyororo mfupi, yaani asetati, propionati na butirati, na butirati ndiyo chakula kikuu cha seli zilizotandaza ukuta wa utumbo mpana. Kwa maneno mengine, gesi na faida zinatoka chungu kimoja.

Chakula cha namna hii, ambacho wewe hukimeng'enyi ila bakteria wa manufaa wanakila na wewe ukafaidika, wataalamu wa lishe wanakiita prebayotiki. Neno hilo lilianzishwa mwaka 1995 na Glenn Gibson na Marcel Roberfroid. Usilichanganye na probayotiki. Hizo ni bakteria wenyewe walio hai, kama wale wa kwenye mtindi.

Neno moja kuhusu harufu, kwa kuwa ndiyo inayoogopwa zaidi. Haidrojeni, kaboni dayoksaidi na methani hazina harufu hata kidogo. Kinachonuka ni michanganyiko yenye salfa, nayo inatokana zaidi na protini na mboga za jamii ya kabichi. Mtu aliyekula maharage na mayai manne halafu akayalaumu maharage peke yake, ameyaonea.

Ushauri mwingi wa jikoni unakufundisha kuifuta gesi yote: loweka, mwaga, chemsha, mwaga tena, chemsha mara ya tatu. Unaweza kufika, ila utakuwa umewamwagia nje bakteria chakula chao, na ladha imekwenda nayo. Ninachokupa hapa ni njia nyingine: mwanzoni punguza sukari hizo mpaka kiwango ambacho tumbo lako linaweza, kisha lizoeze, na kadiri linavyozoea punguza kumwaga.

Hatua ya 1: Chagua mbegu ya kuanzia

Kwanza tuelewane majina, maana hapa watu hununua kitu kingine. Dengu za Tanzania, zile mbegu za mviringo zenye kama mdomo wa ndege, zinazolimwa kwenye udongo mweusi wa Shinyanga na Mwanza, si ndengu za Kenya. Ndengu za Kenya ni choroko zetu, na Mombasa zinaitwa pojo. Adesi za watu wa pwani, vile visahani vidogo vya rangi ya kahawia au chungwa, Wakenya wa bara wanaziita kamande. Ukisoma mapishi mtandaoni, tazama picha kabla ya kwenda sokoni.

Kama tumbo lako halijaona jamii hii kwa muda mrefu, anza na kunde. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Donna Winham na Andrea Hutchins, walichapisha matokeo ya watu waliokula nusu kikombe kwa siku. Wiki ya kwanza, waliosema gesi imeongezeka kwa sababu ya maharage ya pinto au yale ya kuokwa hawakufika nusu. Kwa kunde zenye jicho jeusi ilikuwa asilimia 19 tu. Na kadiri wiki zilivyosogea, hata wale walioanza kulalamika wengi wao waliacha. Mimi kwa kujipima mwenyewe naona choroko na adesi zinafuata baada ya kunde, halafu maharage, na mwisho mbaazi na dengu. Tumbo lako linaweza kupanga vingine.

Wengi huamini gesi iko kwenye ganda, kwa hiyo wananunua choroko zilizokobolewa. Ganda lina nyuzinyuzi, kweli, lakini sukari hizi za mnyororo ziko zaidi kwenye nyama ya mbegu. Ukikoboa unapoteza nyuzinyuzi na gesi inabaki pale pale.

Nunua ya msimu huu. Maharage yaliyokaa ghala lenye joto na unyevu huwa magumu hata uyachemshe kutwa; rangi yake hufifia na kuelekea ukahawia, hayang'ai tena. Muuzaji mzuri atakwambia ukweli ukimuuliza, na asiyekwambia utamjua jioni, mkaa ukiisha.

Hatua ya 2: Chambua, loweka, na uamue kuhusu maji

Mwaga maharage kwenye ungo, toa mawe, yaliyotobolewa na yaliyokunjamana. Osha. Kwa nusu kilo weka maji lita 2 na kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi, ndiyo. Tumelelewa tukiambiwa inayafanya maharage kuwa magumu, kumbe kwenye maji ya kulowekea inafanya kinyume: sodiamu yake inachukua nafasi ya sehemu ya kalisi iliyokaza ganda, na ganda linalainika.

Acha saa 8 hadi 12. Ukiloweka saa mbili usiku, asubuhi saa mbili yako tayari. Kama uko Dar, Tanga au Mombasa wakati wa joto, usiyaache juu ya meza. Asubuhi utakuta povu jembamba limezunguka ukingo wa sufuria na harufu ya uchachu kwa mbali. Povu hilo ni somo zuri, kwa sababu ni bakteria wameanza kula sukari zile zile na kutoa hewa ile ile, safari hii kwenye sufuria badala ya tumboni mwako. Lakini usilipende sana. Maji yakianza kunuka, mwaga yote. Weka sufuria kwenye friji, au badilisha maji mara moja kabla ya kulala.

Kunde, choroko na adesi hazihitaji kulowekwa ndiyo ziive. Kulowekwa saa 3 au 4 kunatosha kama unataka kupunguza gesi. Dengu na mbaazi kavu zinataka usiku mzima. Ukiwa umesahau, chemsha maharage dakika 2 au 3, epua, funika, acha saa nzima, mwaga maji, endelea.

Sasa, kumwaga au kutomwaga? Sukari hizi zinayeyuka kwenye maji. Haziungui na wala haziyeyuki hewani, zinahama. Kulowekwa kunatoa sehemu tu, si zote, na maji yakiwa ya moto zinatoka kwa kasi zaidi. Zile zinazotoka wakati wa kuchemsha zimo kwenye mchuzi. Ndiyo maana mtu anaweza kuloweka vizuri, akachemsha vizuri, kisha akanywa bakuli zima la mchuzi mzito na kushangaa usiku.

Kwa hiyo fanya hivi. Wiki mbili au tatu za mwanzo mwaga maji ya kulowekea, suuza, chemsha kwa maji mapya, na kwenye sahani chukua mbegu nyingi kuliko mchuzi. Baadaye, tumbo likishatulia, ongeza mchuzi taratibu. Kwa maharage mekundu maji ya kulowekea mwaga siku zote, kwa sababu nyingine kabisa ambayo nakuja nayo.

Ya kopo? Yamekaa ndani ya maji kwa muda mrefu, na sukari nyingi zimehamia kwenye maji hayo. Fungua, mwaga maji, suuza kwenye kichujio. Kwa mtu mwenye tumbo laini sana hiyo ni njia rahisi ya kuanzia, ingawa kwa bei utalipia.

Hatua ya 3: Chemsha kwelikweli

Hapa sitanii. Maharage mabichi, na zaidi yote yale mekundu makubwa, yana sumu ya protini iitwayo fitohemaglutinini. Mbegu nne au tano mbichi zinaweza kukutapisha na kukuharisha ndani ya saa chache, na watu husema "maharage yamenikataa" kumbe hayakuiva. Joto la kuchemka huiua. Loweka saa 5 au zaidi, mwaga, weka maji mapya, na yachemke kwa nguvu, mapovu yanapanda, dakika 30. Moto wa kufukuta tu hautoshi. Joto la kama nyuzi 80 linaweza kuifanya sumu hiyo iwe kali kuliko kwenye maharage mabichi yenyewe. Wanaotumia kikapu cha kuhifadhi joto, kile cha kufunga sufuria ya moto ikajipika yenyewe, wasikie hili: nusu saa ya kuchemka jikoni kwanza, ndipo kikapuni. Presha kuka haina tatizo hilo, na inaokoa mkaa kuliko kitu chochote ninachokijua.

Walio juu watumie muda zaidi. Nairobi iko takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na maji yake yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maharage yale yale yanayoiva Tanga kwa saa moja na nusu yatakuchosha kule, hata kama yalilowekwa.

Kujua yameiva: shangazi yangu huchota mbegu mbili tatu na mwiko, anazipuliza. Ganda likipasuka na kujikunja kama ngozi ya kitunguu, anasogea hatua ya pili. Anachukua mbegu moja, anaibonyeza kwa ulimi kwenye kaakaa, bila kutumia meno. Isambae yote kama uji mzito, bila chembe katikati. Ile chembe ngumu ya katikati ni wanga usioiva, na huo nao utakwenda kuchachukia utumbo mpana pamoja na sukari. Maharage yasiyoiva vizuri yana gesi zaidi, na kwa maoni yangu hii ndiyo sababu namba moja ya watu kuyachukia. Maharage ya shule za bweni, tuseme tu kwamba wengi tulianzia huko.

Nyanya, ndimu, ukwaju na maembe mabichi vitie baada ya maharage kulainika. Asidi inakaza ganda, na ukiitia mapema utakesha.

Kuhusu magadi, sina ugomvi na anayetia kidogo sana, maana yanalainisha kweli na kuokoa kuni. Lakini yanaua vitamini B1, na magadi ya asili ya kaskazini mwa Tanzania mengi yana floraidi nyingi, ile ile inayoyafanya meno ya watoto kuwa na madoa ya kahawia. Ukiloweka usiku kucha huyahitaji.

Hatua ya 4: Yaache yalale

Kiporo cha maharage na chai ya rangi asubuhi kina heshima yake katika nyumba nyingi, na ajabu ni kwamba wanasayansi wamefika pale pale. Mwaka 1982 Hans Englyst na wenzake walianza kuandika kuhusu wanga sugu, yaani wanga ambao vimeng'enya vyetu vinashindwa kuukata, ukapita mpaka utumbo mpana kama zile sukari. Wanga wa jamii ya kunde una amilosi, ile sehemu ya wanga yenye nyuzi ndefu zilizonyooka, nyingi kuliko wa nafaka. Ukipikwa unavimba na kulegea. Ukipoa, nyuzi za amilosi zinajipanga upya na kushikana, na sehemu yake inageuka kuwa sugu. Ukiupasha moto tena, sehemu kubwa ya usugu huo inabaki.

Faida yake kwa mtu anayeogopa gesi ni hii: wanga sugu huchachushwa polepole zaidi kuliko sukari za mnyororo. Rafinosi na stakiosi zinaliwa haraka, zinavuma kama mvua ya vuli. Wanga sugu unanyunyiza kwa muda mrefu na hewa yake inatoka kidogo kidogo. Bakteria wanakula, na wewe unaweza kukaa kikaoni.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Chemsha kilo nzima Jumamosi, bila kuunga. Yakiiva, yamwage kwenye vyombo vipana ili yapoe haraka, yaingie friji ndani ya saa 2. Yanakaa siku 3 au 4. Mengine gawa kwenye vifuko vya kikombe kimoja kimoja, weka kwenye friza. Siku ya kula, kaanga kitunguu, nyanya, tia maharage yako, yachemke vizuri, malizia na tui la nazi. Kiporo kilicholala juu ya meza kwenye joto la pwani ni habari nyingine. Hicho kitakupa tumbo la kuendesha na utayasingizia maharage bure.

Kwa tumbo linalokataa kabisa: chipuza

Choroko ndizo rahisi. Loweka saa 8, mwaga, zifunike kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya chujio, suuza asubuhi na jioni. Siku ya pili mkia mweupe umetoka, siku ya tatu una urefu wa kucha. Wakati huo mbegu yenyewe imewasha kimeng'enya chake cha alfa-galaktosidezi na kuila ile akiba, kwa hiyo sukari za mnyororo zimepungua sana. Umepoteza prebayotiki nyingi lakini wanga na nyuzinyuzi zimebaki, na kwa mtu anayeanza upya si biashara mbaya. Zipike hata kwa dakika chache. Machipukizi mabichi yanabeba vijidudu vya kuharisha kwa urahisi, maana mazingira ya kuchipuza, unyevu na joto, ndiyo hayo hayo vijidudu wanayoyapenda.

Tangawizi, mvuje na vidonge

Tangawizi, bizari nyembamba na mvuje vinatuliza msokoto wa tumbo kwa watu wengi, na Wahindi wa pwani hawapiki dengu bila hivyo. Vitie, ni vitamu. Ila havikati sukari za mnyororo. Kinachozikata ni kile kimeng'enya, nacho kipo madukani kama kidonge kinachotengenezwa kutokana na kuvu wa jamii ya Aspergillus. Unakimeza na tonge la kwanza. Kinafanya kazi. Lakini sukari iliyokatwa huko juu haifiki kwa bakteria, kwa hiyo kiweke kwa siku ya harusi au safari ya basi ya saa kumi. Kila siku, hapana.

Nani aende polepole zaidi

Wenye utumbo mwepesi kukasirika, wale ambao tumbo linauma na choo kinabadilikabadilika kwa miezi, wanahitaji kiasi kidogo kuliko ninachoandika hapa. Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, kilichoandaa mpango wa chakula kwa ajili ya watu hawa, kinaziweka sukari hizi kwenye orodha ya kuangalia, ingawa robo kikombe ya adesi za kopo zilizosuuzwa wengi wanaimudu. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu amuulize daktari wake kwanza, kwani maharage yana potasiamu nyingi. Na ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu, au maumivu yanakuamsha usiku, hiyo si gesi ya maharage. Nenda hospitali.

Kwa wengine wote, kutoa hewa hata mara 20 kwa siku ni afya ya kawaida. Hakuna anayehesabu, lakini ndivyo ilivyo.

Hatua ya 5: Ratiba ya kuzoea

Kosa langu la makande lilikuwa hesabu. Sahani mbili kwa siku moja, halafu sifuri kwa siku kumi na tatu. Bakteria wenye uwezo wa kula sukari hizi wanaongezeka wakipata chakula kila siku na kupungua wakinyimwa, kwa hiyo kila ukirudi unaanza upya na jeshi dogo mbele ya mlima wa chakula. Kidogo kila siku kinashinda kingi kwa wiki.

Wiki ya kwanza: vijiko vya chakula 2 au 3 vya kunde au choroko, kila siku, pamoja na mlo wako wa kawaida. Ni kidogo mpaka utaona aibu kuvipakua. Vipakue tu.

Wiki ya pili: robo kikombe. Maji ya kulowekea bado unamwaga. Kama tumbo linanguruma sana usirudi sifuri. Baki kwenye kiasi hicho hicho siku nne tano zaidi. Kunywa maji ya kutosha, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji zinafunga choo.

Wiki ya tatu: nusu kikombe, na sasa ingiza maharage, ya njano au rosekoko, yawe kiporo kilichopashwa. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kinakupa gramu 5 au 6 za nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, kwa hiyo umeshagusa kama robo bila kununua unga wa ajabu wowote.

Tumbo linabadilika upesi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha katika jarida la Nature Medicine majaribio waliyoyafanya Kilimanjaro na wanaume 77. Wa vijijini waliohamishiwa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, damu yao ilianza kuonyesha dalili za inflamesheni, ule mwako wa ndani wa kinga ya mwili. Wa mjini waliorudishiwa chakula cha asili, chenye jamii ya kunde, ndizi, nafaka zisizokobolewa na mboga, walionyesha kinyume chake, na sehemu ya mabadiliko ilikuwa bado inaonekana wiki nne baadaye. Hayakuwa maharage peke yake, bila shaka. Lakini ni wiki mbili tu.

Wiki ya nne: punguza kumwaga maji, isipokuwa ya maharage mekundu. Ongeza mchuzi. Jaribu mbaazi za nazi na mahamri siku ambayo huna safari, na dengu kwa kiasi cha nusu kikombe.

Wiki ya tano nilipika makande tena. Mahindi yaliyokobolewa, maharage ya njano, karoti, tui zito la mwisho. Sahani moja safari hii, Jumapili mchana, na Jumatatu saa kumi na moja jioni nilikuwa kwenye kiti changu cha katikati, madirisha yamefungwa, kiporo chake nimekula saa saba.